Kazi ya Mhariri

Katika kituo kimoja kidogo cha redio mjini Kakamega, habari huandikwa kwenye daftari kabla haijaandikwa kwenye kompyuta. Ni daftari kubwa la jalada gumu, na mhariri hulipiga mistari mwenyewe kwa rula, safu tano kila ukurasa. Saa. Aliyeleta. Alikoipata. Ameona au ameambiwa. Nani mwingine anajua. Ujumbe ukiingia, uwe wa WhatsApp au wa mama aliyepitia mlangoni akitoka sokoni, hupata mstari wake. Safu isiyo na jibu huachwa wazi. Hakuna anayeruhusiwa kuijaza kwa kukisia, na mstari wenye pengo hausomwi hewani hata kama mji mzima umeshaanza kuujadili.

Nitamwita mhariri tu, maana ndivyo anavyojitambulisha kwenye simu. Waandishi chipukizi humwita madam. Mezani pake ana kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, kikokotoo cha aina ile ya wauza duka, redio ndogo isiyozimwa na nakala za sheria zilizochakaa pembeni. Tukizungumzia taasisi ya habari, wengi wetu huwaza mnara, leseni na jengo. Nimemtazama mama huyu akifanya kazi, na siku hizi nikisikia watu wakiuliza vyombo vya habari vitaokolewaje katika zama hizi za mitandao ya kijamii, fikira zangu huenda kwenye safu zile tano.

Mwishoni mwa 2025 mstari mmoja ulisema kwamba dhahabu ya shilingi bilioni 683 imepatikana Ikolomani, kaunti hii ya Kakamega. Safu ya aliyeleta ilijaa majina hadi yakabanana. Safu ya alikoipata ilikuwa na neno moja, Facebook, likirudiwa kwa alama za kurudufu hadi chini.

Dhahabu si jambo geni Kakamega. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Wazungu walimiminika hapa kuitafuta, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa karibu na mji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya kulinda ardhi za wenyeji mwaka 1930. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikabadilishwa mwaka 1932 ili ardhi iweze kutwaliwa kwa uchimbaji bila mwenyewe kupewa shamba jingine badala yake. Wazee hawajaisahau hadithi hiyo. Hadi leo, vijiji vya Ikolomani vina mashimo ya wachimbaji wadogo, wanaume wakishuka kwa kamba na wanawake wakiponda mwamba na kuusafisha kwenye karai. Kampuni ya Shanta Gold nayo imekuwa ikifanya utafiti Isulu na Bushiangala. Kila aliyeisikia takwimu ile alikuwa na shamba, kaburi la babu au shimo la kulinda.

Mhariri alianza kwa kuivunja takwimu vipande vipande. Bilioni 683 ni nini? Ni faida? Ni kodi? Ni pesa zilizoko mahali fulani tayari? Alirudi nyuma hadi kwenye makadirio ya wanajiolojia, takriban aunsi milioni 1.27, akayaandika kwa kalamu ya buluu. Chini yake akaandika bei ya dhahabu ya siku zile, karibu dola 4,150 kwa aunsi. Chini ya hiyo, shilingi 129 na ushei kwa dola. Akabonyeza kikokotoo polepole, akasoma jibu kwa sauti, akafuta, akarudia hesabu yote upya kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Jibu lilikuja bilioni 680 na kitu. Akalipigia mstari. Sasa alijua takwimu ilivyopatikana: ni bei ya dhahabu yote iliyomo mwambani, ikichukuliwa kwamba kila chembe imeshachimbwa, imesafishwa na kuuzwa kwa bei ya wiki moja, bila kutoa hata shilingi ya dizeli, mshahara, fidia wala ushuru.

Hakuishia hapo. Katika kikundi kimoja cha WhatsApp mtu alikuwa ameshawagawia wanakijiji asilimia 10 ya bilioni 683, yaani bilioni 68.3, na watu walikuwa wakipigiana hesabu ya kila boma litapata ngapi. Mhariri alifungua Sheria ya Madini ya 2016 hadi mahali panapogawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ambako madini yanachimbwa. Akamgeukia mwanagenzi aliyekuwa kando yake, kijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, akamwambia aisome tena ibara ile hadi aone kinachogawanywa. Kijana akaisoma mara mbili. Kinachogawanywa ni mrabaha, si dhahabu yenyewe.

“Haya, tuseme mrabaha ni asilimia tano ya mauzo,” mhariri akasema. “Mfano tu. Piga.”

Asilimia tano ya bilioni 683 ni bilioni 34 na ziada. Asilimia 10 ya hizo ni bilioni 3.4, nazo haziji kwa mkupuo mmoja, bali hutawanyika katika miaka yote ya uchimbaji. Kutoka 68.3 hadi 3.4. Hesabu nzima ilienea kwenye karatasi moja, na kati ya jumbe zote zilizoingizwa daftarini hapakuwa na hata moja iliyoifanya. Jijini Nairobi kuna PesaCheck, iliyoanza 2016, na Piga Firimbi ya Africa Uncensored, wote wakihakiki madai ya viongozi na ya mitandaoni, na kazi yao ninaiheshimu sana. Ila mzee wa Bushiangala anayetaka kujua kama auze shamba wiki hii au angoje anahitaji mtu wa kumjibu kwa redio aliyonayo, tena leo hii.

Baada ya hesabu zikafuata simu. Mhariri hupiga akiwa ameketi wima, daftari wazi, na husalimia kikamilifu kabla ya kuuliza lolote.

“Mulembe, mzee. Watoto hawajambo? Na mvua huko?”

Mvua ikizungumzwa ikaisha, ndipo anauliza. Swali lake la kwanza daima ni fupi, na akishalitoa hunyamaza. Ukimya ukirefuka kwenye laini, yeye haujazi. Mwanagenzi alikuwa akijikuna kwa wasiwasi, lakini mzee upande wa pili alikuwa anakumbuka tu, na kilichofuata kilikuwa na tarehe, jina la kijiji na watu waliohudhuria mkutano. “Hilo uliliona mwenyewe, au uliambiwa?” Mzee akasema aliambiwa na mpwa wake. Kalamu nyekundu ikaandika: ameambiwa. Simu iliyofuata ikaenda kwa mpwa. Maswali kwa kampuni na kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, yaliandikwa kwa barua pepe, yakapewa nambari na muda wa kutosha wa kujibiwa. Mhariri ana msimamo juu ya hilo: kumpa mtu dakika kumi ajibu tuhuma ulizokusanya kwa siku kadhaa si kumsikiliza.

Desemba ya mwaka huo, kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya mradi huo kilipogeuka vurugu na watu wakapoteza maisha, safu zile tano ndizo zilizotenganisha redio hii na kelele. Picha zilikuwa zikifurika kwenye simu, nyingine za kweli, nyingine za mahali pengine kabisa. Kila chapisho lilikuwa na idadi yake ya waliofariki. Kanuni ya chumba hiki ni kwamba kifo huhesabiwa kikiwa na vinywa viwili visivyotegemeana: jamaa wa marehemu, na hospitali au mochari. Polisi hunukuliwa, lakini peke yao hawatoshi. Wanahabari wa mji huu wanaokumbuka jioni ya tarehe 3 Februari 2020, wakati wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipokanyagana kwenye ngazi wakitoka darasani na watoto wasiopungua 13 wakafariki, wanajua idadi isiyo sahihi hufanya nini kwa mzazi aliye njiani, nyuma ya boda boda, akielekea hospitalini. Mzazi yule haisikilizi kama takwimu.

Kuandika kwenyewe hufuata baadaye sana, na huchukua muda mfupi kuliko mtu anavyodhani. Mwanagenzi alileta rasimu iliyoanza hivi: “Hali ya taharuki imetanda kufuatia ufichuzi wa kushtua wa utajiri mkubwa wa dhahabu.” Mhariri hakumkemea. Alichukua kalamu nyekundu akauliza taharuki imetanda wapi na nani ameiona. Taharuki ikaondoka. Akauliza ni nani aliyeshtuka. Kushtua kukaondoka. Akauliza “mkubwa” ni kiasi gani, ilhali jibu liko pale kwenye karatasi ya hesabu. Sentensi iliyobaki ilisema kwamba makadirio ya dhahabu iliyo chini ya ardhi ya Isulu na Bushiangala ni aunsi milioni 1.27 hivi, na kwamba bilioni 683 ni bei yake kabla ya gharama yoyote kutolewa. Kisha akaisoma kwa sauti, mdomo karibu na kiganja, akisikiliza mahali pumzi inapokatika. Sentensi ya redio ikimlazimu msomaji avute pumzi katikati, huikata mara mbili. Msikilizaji anayekama ng’ombe hawezi kurudi nyuma kusoma tena.

Habari ikishasomwa hewani, hukatwa klipu fupi ya Facebook na TikTok. Hapa ndipo vituo vingi hulegea, kwa sababu klipu hupewa kijana mwepesi wa simu na kichwa cha kuvutia macho. Mhariri huandika maelezo ya klipu mwenyewe, na huweka ndani yake mambo matatu ambayo mtandao hupenda kuyapoteza: tarehe, mahali na chanzo. Klipu ikinakiliwa na kusambazwa bila jina la kituo, tarehe inabaki imesemwa kwa sauti ndani yake. Nilimwona akirudisha klipu iliyokuwa tayari kwa sababu tarehe ilikuwa kwenye maandishi tu. Kijana akarekodi upya.

Kuna daftari la pili, jembamba, la masahihisho. Kanuni za Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya hutaka kosa lirekebishwe mara moja, na kwamba sahihisho litoe taarifa iliyo sawa bila kulirudia kosa ila pale uwazi unapodai. Kituo hiki kimeongeza sharti lake: sahihisho husomwa saa ileile kosa liliposomwa, siku inayofuata, na msomaji yuleyule. Kosa la saa moja asubuhi halizikwi saa tano usiku. Chapisho la mtandaoni lenye kosa halifutwi kimyakimya, hubaki na mstari unaoeleza kilichobadilishwa na lini. Nairobi, gazeti la Nation limekuwa na mhariri wa umma, ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya wasomaji na kuyajibu gazetini. Redio ndogo haina pesa za cheo hicho. Ina daftari jembamba, na yeyote akija mlangoni anaruhusiwa kulisoma.

Wakati huo huo umeme unalipiwa, na huwezi kuistahi kazi hii bila kuangalia pesa zinatoka wapi. Jirani yetu wa kusini ana historia ya kuzingatia. Mwaka 1982 redio ya jamii ilianzishwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, ya kwanza nchini. Haikumaliza miaka mitatu. Serikali iliifunga mwaka 1984. Ilikuwa imesimama juu ya msaada wa mbali na ruhusa ya karibu, na ruhusa ilipoondoka hapakuwa na kitu chini yake. Siku hizi tegemeo la namna hiyo ni tangazo la serikali. Madeni ya matangazo hayo kwa vyombo vya habari yamekuwa kilio cha miaka mingi, na Machi 2024 agizo lilitoka kwamba idara zote za serikali zitangaze redioni na kwenye televisheni kupitia KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali. Chumba cha habari kilichokuwa kikitegemea mlango huo mmoja kiliona jinsi unavyofungwa kwa barua moja tu.

Hapa kituoni sehemu kubwa ya pesa huja kwa dirisha dogo la mapokezi: salamu, minada, harambee na, zaidi ya yote, matangazo ya vifo. Nilikaa karibu na dirisha hilo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mwanamume mmoja alileta tangazo la baba yake kwenye karatasi ya daftari la shule. Karani alidai kitambulisho chake na barua ya naibu wa chifu, kwa kuwa kuna watu wametangazwa wafu wakiwa hai kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Kisha akaanza kumsomea. Jina la marehemu, herufi kwa herufi, maana jina moja laweza kuandikwa hivi Butsotso na vingine Idakho. Jina la baba wa marehemu. Ukoo. Kata ndogo. Wajane, kwa mpangilio wao. Hapo karani aliinua macho akauliza kwa sauti ya chini, “Orodha ya watoto mmekubaliana nyumbani?” Mwanamume alisita. Karani akamrudishia karatasi, akampisha kwenye benchi apige simu. Aliporudi kulikuwa na majina mawili yameongezwa. Ndipo zikafuata siku ya mazishi, saa, na njia: unashukia Khayega, unachukua boda boda, unakata kushoto baada ya kanisa. Karani alimtaka aitaje njia tena bila kutazama karatasi. Malipo yakapita kwa M-Pesa, risiti ikaandikwa.

Kwa mtazamo wangu, uaminifu wa kituo hiki hupatikana dirishani pale kabla ya kufika kwenye taarifa ya habari. Familia ambayo jina la baba yao lilisomwa sawasawa, na wageni wakafika bila kupotea, itaiamini sauti hiyohiyo ikizungumzia bajeti ya kaunti. Nayo pesa hiyo, mia kadhaa kutoka kwa huyu na mia kadhaa kutoka kwa yule, haina mwenyewe mmoja wa kuizuia. Kituo kimejiwekea kwamba hakuna mteja mmoja atakayebeba zaidi ya sehemu ya tano ya mapato. Mwaka wa uchaguzi kanuni hiyo huuma, kwa sababu wagombea huja na mifuko mizito.

Jambo lililonigusa kuliko yote liko kwenye orodha ya malipo. Waandishi wa mashinani nchini Kenya wengi hulipwa kwa habari iliyotumika. Isipotumika, nauli, chakula na siku nzima vimekwenda bure. Ukimlipa mtu hivyo unamfundisha kwamba habari isiyosimama lazima isimamishwe kwa nguvu. Mhariri huyu hulipa habari iliyokufa. Mwandishi akitumwa Bushiangala, akarudi na kusema yale yanayosemwa si kweli, na mistari ya daftari ikathibitisha kwamba alitafuta ipasavyo, jina lake huingia kwenye orodha pamoja na wenzake. Nusu ya malipo ya kawaida, pamoja na nauli yote. Kwenye vitabu vya hesabu ina safu yake yenyewe. Mwenye kituo, nilivyoelezwa, aliipinga safu hiyo kwa muda mrefu. Mhariri aliendelea kuiandika kila mwezi hadi mwenye kituo alipozoea kuiona.

Juu ya ukuta, nyuma ya kiti chake, kuna kalenda yenye alama za duara. Tarehe 28 Februari, mwisho wa kaunti kuwasilisha mkakati wake wa fedha. Aprili 30, makadirio ya bajeti. Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka. Septemba 30, tathmini ya bajeti. Desemba 31, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Hakuna duara hata moja linalotegemea nani amesema nini kwenye X asubuhi hiyo. Kila duara lina mwandishi aliyepewa tangu mapema, ambaye hutakiwa kuanza kuomba nyaraka kabla siku haijafika.

Kazi ya dhahabu imefikia hatua ya barua. Ibara ya 35 ya Katiba humpa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 huruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Afisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongeza 14 mara moja tu. Mwanagenzi aliandika barua kuiomba kaunti “taarifa zote kuhusu dhahabu”. Mhariri akamrudishia. Ombi pana namna hiyo, alimweleza, humpa afisa nafasi ya kukujibu kwa kijitabu cha utalii. Kijana akaandika ya pili, ikarudi. Ya tatu iliomba mambo manne: nakala za kumbukumbu za mikutano kati ya kaunti na kampuni, tarehe na mahali pa kila mkutano wa wananchi, orodha ya waliohudhuria, na mpango wowote ulioandikwa wa kuwahamisha wakaazi. Mhariri aliisoma kwa kalamu nyekundu ikiwa imefunikwa, akatia sahihi chini ya ile ya kijana.

Kijana aliipeleka mwenyewe, akangoja nakala yake igongwe muhuri wa kupokewa, akarudi akiwa ameloa, maana mvua ya mchana ilikuwa imeshaanza. Walihesabu siku 21 pamoja kwenye kalenda na kuizungushia ya mwisho duara. Rasimu ya rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala iko tayari kwenye faili, ikisubiri tarehe tu.